Ukingo wa Kushoto wa Partitura

Partitura ni maandishi ya muziki yanayozikusanya sehemu za wapigaji na waimbaji wote mahali pamoja, kila sehemu ikiwa kwenye stafu yake, yaani ile mistari mitano iliyolala sambamba ambayo noti huandikwa juu yake, na stafu zote zinazosikika kwa wakati mmoja zikipangwa moja chini ya nyingine na kufungwa pamoja upande wa kushoto kuwa kundi moja liitwalo mfumo. Karibu kila alama iliyomo inaeleza sauti: iwe ya juu au ya chini kiasi gani, idumu kwa muda gani, ivume au inong'one, ikatike au iungane na inayofuata. Maandishi yaliyo nje ya mistari hiyo, kwenye ukingo wa kushoto kabla ya noti ya kwanza, yana kazi nyingine kabisa, kwani yanamtaja mwenye sauti. Fluti, obo, tarumbeta, kinubi, fidla ya kwanza: kila neno kati ya haya linamjulisha mtu aliyekaa kwenye kiti fulani kwamba mstari huu ni wake, na linamjulisha mwongozaji wa okestra amgeukie nani pindi mstari huo utakapoanza kusikika. Kuyapanga majina hayo, kuyafupisha, kuyapa namba na kuyaweka panapostahili ni tawi dogo la sanaa ya uchongaji wa noti, na wengi wanaofaidi matunda yake, wakiwamo wanamuziki wenyewe, hawana sababu ya kulifikiria maadamu limefanywa vizuri. Ni tawi linalostahili sifa, na sifa hiyo haiwezi kutolewa bila kuingia katika mambo madogo madogo, kwa sababu uzuri wake wote umo humo.

Kwa karne nyingi muziki wa Ulaya uliandikwa bila kutaja ala yoyote. Katika Harmonice Musices Odhecaton, kitabu alichokichapa Ottaviano Petrucci mjini Venice mwaka 1501, sehemu zilitambulishwa kwa nafasi zake katika utungo, kama vile tenor na contra, na ile ya juu kabisa haikuandikiwa jina, kwa kuwa mahali ilipowekwa kwenye ukurasa palitosha kuijulisha. Aliyetaka kuimba aliimba, na aliyekuwa na ala iliyofaa aliipiga. Mwaka 1597, katika mji huohuo, Giovanni Gabrieli alichapisha mkusanyo wake uitwao Sacrae symphoniae, ambamo imo Sonata pian' e forte, mojawapo ya tungo za mwanzo kuchapishwa zikiwa na ala iliyotajwa kwa kila sehemu: korneto moja na tromboni tatu upande mmoja, fidla moja na tromboni tatu upande wa pili. Hata hapo jina halikumaliza maswali, kwani sehemu hiyo iliyoandikiwa fidla inashuka chini ya uwezo wa fidla ya leo, na wapigaji wa sasa huipiga kwa viola. Mfano mzito zaidi ni wa Johann Sebastian Bach, ambaye mwaka 1721 alimtunukia mwanamfalme Christian Ludwig wa Brandenburg konseto sita zilizonakiliwa kwa uangalifu mkubwa, na katika ile ya nne akaziita filimbi mbili Fiauti d'Echo. Noti zake zote zimehifadhiwa, lakini wataalamu wamebishana kwa miongo mingi juu ya ala aliyoikusudia, kwa sababu maneno hayo mawili yalieleweka kwa watu wa wakati wake na hayakuacha maelezo kwa waliokuja baadaye.

Kuanzia karne ya 18 hadi ndani ya karne ya 20, sehemu kubwa ya noti zilizochapwa Ulaya ilipita mikononi mwa wachongaji, na mji wa Leipzig nchini Ujerumani, makao ya kampuni ya Breitkopf iliyoanzishwa mwaka 1719 na baadaye ya karakana ya C. G. Röder, ulikuwa kitovu cha kazi hiyo. Mchongaji alifanya kazi juu ya bamba la metali laini, akachora mistari mitano kwa mpigo mmoja kwa kifaa chenye meno matano, kisha akagonga noti na herufi kwa nyundo na mihuri ya chuma, moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimegeuzwa kama zionekanavyo kwenye kioo, ili zikichapwa zisomeke sawasawa. Jina la ala kwake lilikuwa mfululizo wa herufi zilizogongwa kinyume, na kosa katika herufi moja lilimlazimu aligeuze bamba, alisawazishe kwa kuligonga kutoka nyuma, kisha aanze upya mahali hapo. Mtu anayelipa gharama hiyo kwa kila herufi hujifunza upesi kutoandika neno lisilo na kazi. Kampuni ya G. Henle, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1948, iliendelea kuchapa kwa mabamba yaliyochongwa kwa mkono hadi karibu na mwisho wa karne ya 20, na kurasa zake bado ni kipimo ambacho waundaji wa programu za kompyuta hujipima nacho.

Kilichobadilika na ujio wa kompyuta ni mkono; uhaba wa nafasi umebaki palepale. Ukurasa wa A4 wenye pambizo za kawaida una milimita 180 hivi za upana unaoweza kutumika, na jina refu kama Contrabassoon, likiandikwa kwa ukubwa unaosomeka vizuri, linakula zaidi ya milimita 20 kati ya hizo, nafasi ambayo ingeweza kubeba noti kadhaa. Kwa kuwa stafu zote za mfumo mmoja lazima zianzie kwenye mstari mmoja wa wima, jina lililo refu kuliko yote ndilo linaloamua stafu zote zianzie wapi, na majina mafupi hayapati wala hayapotezi chochote. Kwa sababu hiyo mfumo wa kwanza wa utungo husogezwa ndani ili kutoa nafasi ya majina kamili, na mifumo inayofuata hurudi karibu na pambizo ikiwa na vifupisho tu. Mwenye ujuzi hulishughulikia kwanza lile jina refu: hulivunja katika mistari miwili au mitatu, akichagua mahali pa kulivunja kwa kufuata maana, hivi kwamba neno la sifa libaki na neno linalolisifu na ufunguo wa ala ubaki mzima kwenye mstari wake. Jina moja likivunjwa ipasavyo, partitura nzima hupata sentimeta moja ya muziki.

Hesabu hiyohiyo ina tokeo ambalo wanaoanza kazi hii hulipuuza. Mara urefu wa kifupisho kirefu kuliko vyote unapokwisha kuweka kipimo, kuvikatakata vile vingine zaidi hakuongezi nafasi hata kidogo, bali kunapunguza uwazi bure. Kama kifupisho cha klarineti besi kinahitaji herufi saba, hakuna faida yoyote ya kuiandika obo kwa herufi moja. Uchoyo wa herufi usiomnufaisha msomaji ni kosa la ufundi sawa na ubadhirifu wake.

Inafaa kukaa kidogo zaidi kwenye vifupisho, kwa sababu umuhimu wake umefungamana na desturi nyingine ya partitura kubwa. Katika ukurasa wa kwanza wa utungo wa okestra ala zote huonyeshwa, hata zile ambazo hazitapiga noti kwa dakika kumi, ili mwongozaji alijue jeshi lake lote. Lakini kuanzia ukurasa wa pili stafu zisizo na kitu huweza kufichwa, na karatasi ikabeba mifumo miwili au mitatu badala ya mmoja. Kabla ya kufichwa kwa stafu, mahali penyewe palikuwa jina: fluti ilikuwa juu, kontrabasi chini, na jicho lililozoea mpangilio huo lilipata kila ala bila kusoma. Baada ya kufichwa, stafu ya tatu kutoka juu inaweza kuwa klarineti katika mfumo mmoja, pembe ya shaba katika mfumo ufuatao na fidla ya kwanza ukurasa ukigeuzwa, na mwongozaji anayeinua mkono wa kushoto kumwita mpigaji hana kitu cha kumwelekeza ila zile herufi mbili au tatu zilizo ukingoni, anazozisoma kwa sehemu ya sekunde huku macho yake yakihitajika kwingine. Mabano husaidia pia, kwani bano nene la wima huzifunga stafu za familia moja, za mbao, za shaba, za kupigwa au za nyuzi, na mistari ya vipimo hupita katika stafu zote za familia ikakatika panapoanza familia nyingine, hivi kwamba jicho hupata familia kwanza na jina baadaye. Ndiyo maana mchongaji makini hatenganishi kamwe suala la majina na suala la mabano. Bano lililowekwa vibaya hulifanya jina sahihi lionekane kama kosa.

Kifupisho, basi, kina wajibu mmoja usio na mbadala, nao ni kutochanganyika na kingine chochote ndani ya partitura hiyohiyo. Kwa desturi ya Kiitaliano, ambayo imetumika kote Ulaya, herufi Tr. zinaweza kusomwa kama tromba, yaani tarumbeta, au trombone, au triangolo, ile pembetatu ya chuma, na juu ya hayo herufi tr ndizo alama ya kutetemesha noti. Cor. inaweza kuwa corno, ambayo ni pembe, au kuchanganywa na corno inglese, ambayo licha ya jina lake si pembe bali ni ndugu mkubwa wa obo. Mfaransa aandikapo Alto katika okestra anakusudia viola, ilhali Mwingereza alionapo neno hilo hufikiria sauti ya mwanamke mwimbaji. Mjerumani huita viola Bratsche na timpani Pauken. Hakuna lugha iliyo bora kuliko nyingine kwa kazi hii, na kila mchapishaji ana haki ya kuchagua. Lisilosameheka ni kuchanganya, pale ambapo filimbi zimeandikwa kwa Kiitaliano, shaba kwa Kijerumani na nyuzi kwa Kiingereza, kwa sababu tu programu ilileta majina hayo yenyewe na hakuna aliyeyatazama.

Matatizo ya lugha huwa makali zaidi pale jina linapobeba pia ufunguo. Zipo ala ambazo noti inayoandikwa siyo inayosikika: mpigaji wa klarineti iliyotengenezwa kwa ufunguo wa B♭ akisoma C, sauti inayotoka ni B♭, kwa hiyo jina lake lisipotaja ufunguo huo mwongozaji hawezi kujua kinachosikika. Wajerumani huiita Klarinette in B, kwa kuwa kwao herufi B ni ile ambayo Waingereza huiita B-flat, na B ya Waingereza kwao ni H. Partitura inayoandika B bila kuonyesha inafuata desturi gani inaweza kumpotosha msomaji kwa nusu toni nzima. Kisha ipo alama yenyewe ya ♭, ambayo wengi huiandika kwa herufi ndogo b kwa kuwa iko karibu kwenye kibodi. Alama hiyo ina umbo lake, yenye kiuno chembamba na ncha chini, na katika mpango wa Unicode ina namba yake, U+266D. Fonti nyingi za maandishi hazina umbo hilo, kompyuta hulikopa kutoka fonti nyingine, na matokeo yake ni alama iliyo ndogo mno au iliyoelea juu ya mstari wa maneno. Mchongaji mwema huichukua kutoka fonti ya muziki, huikuza au kuipunguza hadi ilingane na herufi iliyo mbele yake, kisha huacha upenyo mwembamba kati yake na herufi hiyo. Kazi hiyo haichukui dakika nyingi, na baada yake jina huonekana kama lililoandikwa na mtu mmoja.

Zamani ufunguo uliotajwa katika jina ulikuwa amri ya mikono. Kabla pembe ya shaba haijapata vali, mpigaji alibadilisha ufunguo kwa kuchomoa kipande cha bomba na kuchomeka kingine chenye urefu tofauti, hivyo maneno Corni in Es yalimwambia achomeke bomba gani kabla muziki haujaanza. Ludwig van Beethoven, katika Simfonia ya Tatu iitwayo Eroica, iliyotungwa 1803 na 1804, alitumia pembe tatu badala ya mbili zilizozoeleka, na katika sehemu ya kwanza akamtaka mpigaji wa pembe ya kwanza ahamie F kwa ajili ya kifungu chake cha peke yake, akampa vipimo vya kutosha vya kunyamaza ili abadilishe bomba, kisha akamrudisha. Tangu hapo mchongaji wa Eroica ana swali la kujibu: jina la ukingoni libadilike katika mfumo unaofuata, au libaki kama lilivyo na mabadiliko yaandikwe juu ya stafu tu? Jibu la wengi ni kufanya yote mawili, neno la onyo likiwekwa mwanzoni mwa ukimya ili mpigaji ajiandae, na jina jipya likionekana ukingoni katika mfumo wa kwanza ulio na noti za ufunguo mpya. Utaratibu huo ndio unaotumika leo kwa mpigaji wa fluti anayechukua pikolo au mpigaji wa obo anayechukua corno inglese, na utamu wake ni kwamba unamheshimu mpigaji kama mtu mwenye mikono miwili na muda unaohesabika.

Namba zina adabu zake. Namba iliyo katika jina, kama Fluti 1 na 2, inaeleza ni nani wanaomiliki stafu. Namba iliyo juu ya noti, kama 1. au a 2, inaeleza ni nani kati yao anapiga kwa wakati huo, na mwandishi anayezichanganya hizi mbili huwaacha wapigaji wakiulizana katikati ya mazoezi. Fluti mbili zikiwa kwenye stafu mbili jirani, ni vizuri jina liandikwe mara moja tu, katikati ya stafu hizo, na namba zisimame kila moja mbele ya stafu yake, kwa sababu kurudia neno mara mbili kunalifanya jicho litafute tofauti mahali isipokuwapo. Kipimo kikali cha adabu hiyo ni Metamorphosen ya Richard Strauss, iliyokamilishwa mwaka 1945 kwa wapigaji 23 wa nyuzi, fidla 10, viola 5, chelo 5 na kontrabasi 3, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Humo majina ni manne tu na namba ndizo zinazobeba karibu utambulisho wote, hivyo namba zikipangwa bila kufuata mstari mmoja wa wima, au 1 ikasimama kushoto kidogo kuliko 10, ukurasa hugeuka msitu. Kuhusu upande wa kuyapangia majina yenyewe, wapo wanaoyaanzisha yote kwenye mstari wa kushoto kama orodha, wapo wanaoyaweka katikati, na wapo wanaoyamalizia kulia karibu na mabano. Njia hii ya mwisho ina hoja yenye nguvu kuliko nyingine, kwa kuwa msomaji husafiri kutoka kwenye noti kurudi kwenye jina na hustahili kulikuta kila mara kwa umbali uleule, hata kama upande wa kushoto utabaki na ncha zisizolingana.

Programu za uandishi wa noti zimeurithi ujuzi huu kwa viwango tofauti. Finale, iliyotoka mwaka 1988 na ambayo kampuni yake ilitangaza Agosti 2024 kwamba haitaiendeleza tena, ilimpa mtumiaji uhuru wa kulisogeza kila jina peke yake, uhuru uliowafaa mafundi na kuwatesa wasio na subira. Sibelius, kazi ya ndugu wawili Waingereza, Ben na Jonathan Finn, iliyoanza kuuzwa mwaka 1993, ilileta kanuni za jumla zinazotawala majina ya partitura nzima. LilyPond, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, haina ukurasa wa kubofya. Mwandishi huandika kwa maneno jina refu, jina fupi na kiasi cha kuusogeza mfumo ndani, na asipokumbuka hilo la tatu jina refu huweza kutoka nje ya pambizo. MuseScore, ambayo hutolewa bure na kwa hiyo imewafikia wengi wasio na fedha za kununua programu, ina visanduku viwili vya wazi, kimoja cha jina refu na kingine cha jina fupi. Dorico ya kampuni ya Steinberg, iliyotoka mwaka 2016 chini ya uongozi wa Daniel Spreadbury, ilileta wazo ambalo lilikuwa limesubiriwa kwa muda mrefu: ndani yake mpigaji na ala ni vitu viwili, mpigaji mmoja anaweza kupewa ala tatu, na programu yenyewe hutoa namba, hubadilisha jina ukingoni ala inapobadilika na kuandika onyo kwa mpigaji. Kwa namna hiyo kompyuta imekuja kukiri kile ambacho jina la ukingoni limekuwa likisema tangu zamani, kwamba nyuma ya kila stafu yupo mtu.

Juu ya umbo la herufi maneno machache yanatosha. Majina ya ala huandikwa kwa herufi zilizosimama wima na zisizokolezwa, kwa kuwa herufi nzito zimewekewa kasi ya muziki na zile zinazolala zimewekewa maelezo ya hisia, na kila aina ikikaa mahali pake msomaji hutambua habari kabla hajaisoma. Ukubwa ni suala gumu zaidi: stafu zikipunguzwa ili 30 zienee kwenye ukurasa mmoja, majina hayawezi kupunguzwa kwa kadiri ileile, kwani jicho la binadamu halipungui. Elaine Gould, mhariri wa Faber Music ambaye kitabu chake Behind Bars cha mwaka 2011 kimekuwa mwongozo wa waandishi wa noti duniani kote, amelipa jambo la mpangilio wa partitura uzito unaolistahili, na yeyote anayefanya kazi hii kwa dhati hufaidika kwa kukaa nacho.

Katika Afrika Mashariki sanaa hii imeingia zaidi kupitia kwaya. Watunzi wengi wa nyimbo za kanisa nchini Tanzania na Kenya huandika noti zao kwa kompyuta na kuzisambaza kwa njia ya simu, na ukingo wa kushoto wa kurasa zao una herufi nne tu, S, A, T na B, sauti ya kwanza hadi ya nne, mbili mbili kwenye stafu moja. Udogo wake usidharauliwe: S inapaswa kukaa sawa na nusu ya juu ya stafu, ambako vikia vya noti zake hutazama juu, na A sawa na nusu ya chini, na zikisogea zote mbili katikati mwimbaji mgeni hawezi kujua ni vikia gani vya kufuata. Maneno kama Kiitikio na Beti, ambayo mara nyingine huingizwa kwenye kisanduku cha jina kwa kuwa kiko karibu, hutaja sehemu ya wimbo na hayamtaji mwimbaji, hivyo mahali pake ni juu ya stafu, panapoanzia sehemu hiyo. Mtu anayeimba peke yake mwanzoni anastahili stafu yenye jina lake, ili kwaya nzima isije ikaingia naye.

Taarabu inadai mengi zaidi. Muziki huu, ambao kikundi kikongwe cha Nadi Ikhwan Safaa kimeupiga Unguja tangu mwaka 1905 na ambao umerithishwa zaidi kwa sikio kuliko kwa karatasi, una okestra yenye fidla, kanuni, udi, nai, akordioni, chelo, kontrabasi, dumbak na rika, na anayetaka kuuandikia partitura hukuta kwamba programu hazina mpangilio uliotayarishwa kwa ajili yake. Ala zenyewe mara nyingi zimo, lakini kwa tahajia ya Kiingereza, na hapo mwandishi anapaswa kubadilisha jina linaloonekana bila kuigusa ala iliyo chini yake, kwa sababu ala hiyo ndiyo inayobeba sauti ya majaribio na kanuni za usomaji, kama ile desturi ya kuandika udi oktavo moja juu ya inavyosikika. Kisha lipo jambo la stafu ya pamoja. Fidla, kanuni, nai na akordioni mara nyingi hupita katika melodia moja, kila moja ikiipamba kwa tabia yake, na kuziandikia stafu nne zenye noti zilezile ni kuipoteza karatasi na kulichosha jicho. Inafaa stafu moja ibebe majina manne yaliyopangwa wima, kisha kanuni inapoachiwa nafasi ya kupiga peke yake jina lake liandikwe juu ya noti hizo na stafu yake ifunguliwe panapohitajika. Kwa vifupisho, silabi za Kiswahili zinashauri zenyewe mahali pa kukata: Fid., Kan. na Akor. husomeka mara moja, kwa kuwa konsonanti inayofungua silabi inayofuata humkumbusha msomaji neno zima, ilhali udi, nai na rika ni fupi kiasi kwamba kuzikata hakuna maana, nazo zibaki kamili katika kila mfumo.

Ngoma zina shida ya pekee, kwani ngoma isiyo na toni maalumu huandikwa kwenye stafu ya mstari mmoja, ambao hauna kimo, wakati jina lake lina kimo cha herufi. Ngoma tatu zikiandikwa chini kwa chini, tuseme chapuo, vumi na msondo, mistari yao inaweza kusogezwa karibu sana bila noti kugusana, lakini majina yatapandana. Kwa hiyo hapa, tofauti na kwingineko kote, majina ndiyo yanayoamua umbali kati ya stafu. Suluhisho zuri ni kuzifunga kwa bano moja, kuandika neno Ngoma mara moja nje ya bano hilo, na ndani yake kuweka majina mahususi kwa ukubwa mdogo kidogo, kila jina likikatwa katikati na mstari wake kama ungeurefusha. Na kwa kuwa hakuna mchapishaji aliyekwisha kuweka desturi ya ala hizi, mwandishi wa partitura ya kwanza anapaswa kutenga ukurasa mmoja kabla ya noti, aorodheshe humo kila ala kwa mpangilio uleule wa mfumo, jina kamili, kifupisho, idadi ya wapigaji na ala ya pili ambayo mpigaji atashika, kisha aihifadhi orodha hiyo pamoja na mipangilio yake yote kama kiolezo, ili mtunzi mwingine wa Tanga, Mombasa au Unguja atakayeandika kwa okestra ya namna hiyo aanze na majina ambayo wapigaji wamekwisha kuyazoea.